Pozi za vichekesho, kulala ubao na pranki: nani anachekwa kwenye picha? (Uzi mrefu)

#1 Filamu36 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ausome kesho.

Nimepiga picha Tanga tangu mwaka 1984. Nilianza kwa kushika taa kwenye studio ya mtu pale Ngamiani, baadaye nikafungua yangu. Katika picha zote nilizosafisha kwa mikono yangu, kuna moja ya 1986 ambayo sijawahi kuichoka. Ni mdogo wangu wa kike, ananifuata mimi, wakati huo ana miaka 17. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege. Mkono mmoja ameshika mkonga wa simu ambayo waya wake haukwenda popote, mkono wa pili uko kiunoni, na mguu ameuegemeza pale ilipochorwa ngazi ya ndege, kama anayepanda. Pozi hilo alilitunga mwenyewe. Nilimwambia atulie, akaniambia, "Ngoja kwanza, naongea na rubani." Nilicheka kamera ikatikisika, ndiyo maana picha ina ukungu kidogo.

Sasa niwaambie kilichonileta hapa. Mdogo wangu huyo leo ana wajukuu wanne, na jioni hukaanga mihogo na bagia karibu na nyumbani kwake. Mwezi uliopita walimjia vijana watatu. Mmoja aliagiza mihogo ya elfu moja, mwenzake akamrushia nyoka wa mpira mezani, wa tatu alikuwa ng'ambo ya barabara anarekodi kwa simu. Mdogo wangu akaruka, kijiko cha matundu kikalipiga karai, mafuta yakammwagikia mkono wa kulia kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Wale vijana wakapiga kelele, "Pranki mama! Pranki!" wakaondoka mbio. Klipu ikapandishwa usiku uleule. Wameikata pale anaporuka, kwa hiyo mkono unaoungua haumo. Juu yake wakaweka sauti ya watu wanaocheka.

Kwa wiki mbili hakukaanga kitu. Aliporudi barazani, watoto wa shule wakaanza kumwita Mama Nyoka. Mwanamke aliyenitungia pozi la rubani sasa mtu akiinua simu karibu naye anageuza uso.

Naomba mtu asinijibu kwamba wazee hatupendi utani. Kazi yangu yote imelishwa na watu waliokuja studio kufanya utani: wanaume waliovaa miwani ya jua usiku, maharusi waliobadilishana kofia, vijana watano waliojipanga juu ya pikipiki moja iliyozimwa. Na haya ya mitandaoni nimeyafuata kwa karibu, kwa sababu ni kazi yangu.

Ninaoufahamu zaidi ni mchezo wa kulala ubao. Wanaotajwa kuuanzisha ni vijana wawili wa Uingereza, Gary Clarkson na Christian Langdon, nao waliuita mchezo wa kulala chini. Unalala kifudifudi, mwili umenyooka, mikono imebana ubavuni, uso hausemi kitu, halafu mwenzako anakupiga picha mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kukuta binadamu amelala. Mwaka 2007 wakafungua kundi Facebook, na kufikia katikati ya 2009 dunia ikalifahamu. Waaustralia ndio waliosambaza jina la planking, yaani kujifanya ubao, na mwaka 2011 jina hilo likafunika lile la kwanza.

Nilipoziona picha hizo mara ya kwanza nilizipenda, na nitaeleza sababu kama fundi. Pozi lenyewe halibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo jicho lako likiona mtu amenyooka vile juu ya ngamia wa sanamu, au juu ya rafu ya duka kati ya pakiti za unga, kichekesho kinatoka mahali alipo. Huhitaji sura nzuri, nguo wala vifaa. Uso wenyewe hauonekani. Mtu mwenye haya anayekimbia kamera maisha yake yote anaweza kulala ubao na picha yake ikawa bora kuliko ya mwanamitindo.

Lakini humohumo ndimo ulimokaa ubaya wake. Kama pozi halibadiliki, kitu pekee unachoweza kuongeza ni mahali. Wa kwanza amelala juu ya meza, wa pili hawezi kurudia meza, analala juu ya ukuta. Wa tatu juu ya paa. Mei 2011, katika jimbo la Queensland, kijana mmoja wa Gladstone alishtakiwa kwa kulala ubao juu ya gari la polisi. Siku chache baadaye, jijini Brisbane, kijana wa miaka 20 alijaribu kulala juu ya ukingo wa roshani ya ghorofa ya saba, akaanguka akafa.

Yule kijana namlilia, na mama yake namlilia. Ila mwili alioutia hatarini ulikuwa wa kwake. Mdogo wangu hakucheza mchezo wowote. Mtu mwingine aliuchukua mwili wake, woga wake na mkono wake, akavifanya mchezo. Kwangu mimi hayo ni mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kwa kuwa yote yanaishia kwenye simu na yote yanachekesha.

Nataka kusikia wengine mnaonaje.

#2 Mwanamtoni

Pole sana mzee wangu, na mwambie dada pole. Kuungua na mafuta ya karai ni maumivu nayajua.

#3 Zamu_ya_Usiku

Shikamoo Filamu36. Mimi ni muuguzi, nipo Uingereza mwaka wa kumi na nane huu. Umeitaja 2009, na hapa kazini mwaka huo haukusahaulika. Septemba mwaka ule wafanyakazi saba wa hospitali ya Great Western mjini Swindon, madaktari na wauguzi, walisimamishwa kazi kwa mchezo huohuo. Walikuwa zamu ya usiku. Walipigana picha wamelala ubao kwenye vitanda vya kufufulia wagonjwa, kwenye sakafu ya wodi, hata kwenye uwanja wa helikopta ya dharura, halafu wakaziweka Facebook.

Niseme kitu ambacho wasiofanya kazi hii huenda hawakijui. Saa tisa usiku mwili unakataa na akili inatafuta kitu chochote cha kuishikilia. Nimeshacheka na wenzangu usiku mambo ambayo mchana yasingechekesha, na tulihitaji kile kicheko ili tufike asubuhi. Kwa hiyo wale saba siwahukumu kama watu wabaya. Ila kitanda kile kimewekwa pale kwa ajili ya mtu ambaye moyo wake umesimama. Jamaa zake wakiiona picha, hakuna maelezo utakayowapa wakakuelewa.

Kwa hiyo kwenye maswali yako mzee ongeza na hili: hata ukiulaza mwili wako mwenyewe, umeulaza juu ya kitu cha nani?

#4 Filamu36

Marahaba binti yangu, na ahsante. Hilo la kitanda sikulifikiria kabisa. Nalichukua.

#5 Binti_Likoni

Mimi ni wa Mombasa, na uzi huu umenirudisha utotoni. Palikuwa na wapiga picha pale feri ya Likoni, wamejenga vibanda vyao vya mabati na mbao kando ya njia ya kwendea feri. Ndani kulikuwa na mapazia ya rangi kali: ndege, meli kubwa, maghorofa, maua ya plastiki, Mombasa ambayo haikuwako popote ila pale kibandani. Watu wa bara waliokuja kutafuta kazi walipiga picha wakaipeleka kwao. Babangu anayo moja, amekaa mbele ya meli ya abiria amevaa suti ya kuazima. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia bandarini.

Kwa miaka mingi nilidhani ile picha ni uongo, na niliona haya nayo. Siku moja nikamuuliza. Akanijibu, "Nyumbani wote walijua kuwa ile meli ni ya rangi. Nilitaka wacheke, wajue kuwa mimi ni mzima." Ndivyo alivyosema, wallahi. Sijaona haya tena.

Kwa hivyo huyo dada na rubani wake namuelewa mno.

#6 Kamera_Mkononi

Mzee pole sana. Naomba niseme ukweli, mimi nafanya pranki hapa Dar, mwaka wa tatu sasa, na ndizo zinazonilipia kodi ya chumba. Sijaja kubishana kwa ubaya.

Waliomfanyia dada yako wamekosea. Sisi kwenye timu yetu tuna mwiko: hatugusi moto, barabara wala mtu aliyebeba mtoto. Mama mwenye karai la mafuta kwangu haguswi. Lakini usitutie wote kwenye kapu moja. Wapo watu wanatusimamisha barabarani wanaomba tuwafanyie. Na baada ya kurekodi huwa tunamwambia mtu ukweli, tunamwonyesha kamera, tunamwomba ruhusa, tunampa elfu tano au soda. Wengi wanacheka na kutukumbatia.

Tatizo ni kwamba mtu akijua mapema si pranki tena. Studio yako ilikuwa pozi, na mtu alikuja kwa miguu yake. Kazi yangu ni mshtuko. Mshtuko hauombewi ruhusa.

Halafu mbona upumbavu wa mitandaoni unaleta na mema? Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu dunia nzima, wakaonekana wendawazimu, lakini shirika la Marekani la ugonjwa wa ALS, unaodhoofisha misuli, likakusanya dola milioni 115. Hicho nacho kilikuwa kichekesho cha video.

#7 Filamu36

Kijana wangu, ahsante kwa kuja kwa jina la kazi yako. Ungeweza kupita kimya.

Ile ya barafu nakubaliana nawe, nami niliipenda. Ila angalia picha yake ilivyopangwa: mtu anasimama, anasema jina lake, anataja anaowaita wafuate, ndipo maji yanamwagwa. Anajua ndoo iko wapi. Woga unauona usoni kabla ya maji, na kicheko chote kimekaa pale, kwenye kungoja. Mshtuko wa mtu anayejua unapigika vizuri tu.

Kuhusu ruhusa ya baadaye nina swali. Unapomwonyesha kamera, yuko na nani? Nadhani yuko barabarani, moyo unamdunda, watu ishirini wamezunguka wanacheka, na mkononi una elfu tano. Akikataa, anaonekana mtu asiye na utani. Nimepiga harusi zaidi ya mia saba, najua uso wa mtu anayecheka kwa sababu wengine wote wanacheka. Shavu linapanda, jicho linabaki palepale.

Nenda kesho yake, bila kamera, ukamuulize.

#8 Mchanga_wa_Forodhani

Naandika kutoka Unguja. Nitaenda pembeni kidogo, mnivumilie, kwa sababu kulala ubao kulinisumbua tangu 2011.

Mwaka ule mwanamuziki wa Marekani, Xzibit, alisema hadharani kwamba picha hizo zinafanana na jinsi Waafrika walivyolazwa kwenye meli za watumwa. Wengi walimpinga kwamba mchezo haukutoka huko. Ni kweli haukutoka huko, mleta uzi ameeleza vizuri ulikoanzia, na wale vijana hawakuwa na nia yoyote ya namna hiyo.

Lakini mimi mchoro wa meli ya watumwa ya Brookes niliujua kabla sijaijua Facebook. Ulichapishwa Uingereza mwaka 1788 na watu waliopigania kukomesha biashara ile. Watu wamepangwa kama samaki, miguu kwa vichwa, mikono ubavuni, hakuna nafasi ya kugeuka. Sheria ya mwaka huohuo iliiruhusu meli hiyo kubeba watu 454. Kabla ya sheria iliwahi kubeba 609. Hapa kwetu soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa palepale. Wageni tunawapeleka kila siku.

Siku moja kijana wa watalii, nadhani hakuzidi miaka 19, alilala ubao kwenye ngazi za kuingilia vile vyumba vya chini wanavyooneshwa wageni, rafiki yake akawa anampiga picha. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza kundi jingine alimsogelea, akachuchumaa, akamwambia kwa sauti ndogo kitu ambacho sikukisikia. Kijana akainuka. Alikaa juu ya ukuta muda mrefu sana, kikundi chake kikamngoja.

Simlaumu. Hakujua. Lakini dada Zamu_ya_Usiku ameuliza swali la msingi, kwamba mwili umeulaza juu ya nini.

#9 Mwanamtoni

Nimesoma hiyo ya ngazi mara mbili.

#10 Filamu36

Nami nimeisoma mara mbili, Forodhani. Mwaka ule wa 2011 mpwa wangu alikuwa chuoni, akiniletea kadi ya kumbukumbu ya simu kila mwezi nimtolee picha kwenye karatasi, kwa hiyo niliona kila kitu kikipita. Baada ya ubao wakaja na kuchuchumaa kama bundi juu ya vitu, hiyo ni kama Julai. Mpwa wangu nilimkataza mara moja. Huku kwetu mtu akikukuta umechuchumaa kama bundi juu ya paa la nyumba yake, hatauliza habari za mtandao. Bundi ana maana yake, na kuna bibi kizee jirani atakayesingiziwa.

Oktoba ikawa zamu ya Tim Tebow, mchezaji wa Denver Broncos, timu ya futiboli ya Marekani, aliyepiga goti moja na kuinamisha kichwa kwenye ngumi akisali. Watu wakaanza kupiga goti vile kila mahali. Desemba shule moja ya Riverhead, New York, ikawasimamisha wanafunzi kwa kupiga goti kwenye korido na kuziba njia. Hilo lilinigusa kwa namna ya pekee, maana lile lilikuwa pozi la sala. Wapo waliolifanya kwa kumpenda na wapo waliolifanya kwa kumdhihaki, na kwenye picha huwezi kuwatofautisha.

Mwaka huohuo ikarudi na picha ya asiye na kichwa, ambayo ni ya kale sana. Ilipendwa miaka ya 1920: watu wawili, mmoja anakificha kichwa chake nyuma, mwingine anauficha mwili na kubakiza kichwa, unaona mtu amekaa na kichwa chake kiko pembeni kwenye kiti. Sisi wa chumba cha giza tulikuwa na njia nyingine. Unaziba nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, unampiga mtu amekaa kushoto. Filamu huisogezi. Mtu anahamia kulia, unaziba nusu ya pili, unapiga tena. Picha ikitoka, mtu anapeana mkono na yeye mwenyewe. Sikukuu ya Idi nilikuwa nalipwa mara tatu kwa picha hiyo, na watu walikuja kutoka hadi Muheza. Kazi ngumu ilikuwa mstari wa katikati. Karatasi ikikaa vibaya kwa milimita mbili, kunatokea ufa mweusi kama pazia limekatwa. Mteja ilibidi akae bila kupumua, na akae pale nilipochora chaki sakafuni. Alikuwa fundi mwenzangu kwa dakika ile. Zile picha ziko ukutani kwa watu mpaka leo.

#11 Mzigo_wa_Guangzhou

Wakuu, niko China kwa biashara, nilikuwepo 2018 mambo haya yalipopamba moto. Yalianzia Urusi: mtu anajifanya ameanguka akishuka kwenye gari la kifahari au ndege, amelala kifudifudi, na vitu vyake vya thamani vimetawanyika: mikoba, viatu, vipodozi, noti. Kwa mleta uzi hiyo ni ubao ulioongezewa mali. Oktoba ikaingia China, ikawa mashindano ya kujionyesha. Katika mji wa Taizhou wanawake wawili walitozwa faini na polisi wa barabarani kwa sababu gari la picha lilikuwa limeziba njia.

Kilichonifurahisha ni jibu lililofuata. Wazima moto wakalala kifudifudi, pembeni yao helmeti, mipira ya maji na glavu. Madaktari wakalala na vifaa vyao. Pozi ni lilelile, kifudifudi, vitu vimetawanyika. Mwaka uliofuata, Septemba 2019, polisi wa Zürich nchini Uswisi wakaipanga picha ya namna hiyo kutoka juu: gari lao limefunguliwa, kila kifaa kimepangwa chini kwa mistari iliyonyooka, na askari wawili wamelala katikati kama nao ni vifaa. Ikaigwa na magari ya wagonjwa na zimamoto nchi nyingi. Nilijifunza kutoka picha ile kwamba gari la polisi linabeba vitu vingi kuliko duka langu la kwanza pale Kariakoo.

#12 Kitenge_cha_Mama

Na sisi tulikuwa na yetu, msiisahau! Novemba 2015. Rais Magufuli ameapishwa tarehe 5, amefuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akasema siku hiyo ni ya usafi, fedha za hafla ya wabunge zikaelekezwa kwenye vitanda vya Muhimbili. Watu wakaanza kuuliza mitandaoni, Magufuli angefanyaje? Tanzania, Kenya, ikaenda hadi kusini mwa Afrika. Kila mtu anaweka picha ya kubana matumizi.

Mimi na shoga yangu tulikuwa tunajiandaa na kitchen party yangu. Tukavua pazia la sebuleni, nikalifunga kama gauni la bibi harusi, pete za pazia bado ziko juu zinalia, mkononi nimeshika fungu la mchicha badala ya maua. Mama mkwe mtarajiwa aliiona. Alinipigia simu nikatetemeka. Akaniambia, "Mchicha ungeufunga vizuri, unaning'inia." Hadi leo ananiita Bi Mchicha na nikisikia naitika kwa furaha. Jina la utani nililojitafutia mwenyewe linanipendeza. Ndiyo maana hilo la Mama Nyoka limeniumiza sana kulisoma.

#13 Binti_Likoni

Bi Mchicha umenifurahisha.

Kwetu Kenya, 2017, siku ya kura, Agosti 8, mtu mmoja alipigwa picha akiwa kwenye foleni anakula githeri, yaani mahindi na maharage, kwenye mfuko wa plastiki. Hakupiga pozi lolote, alikuwa na njaa tu. Kufika jioni ameshabandikwa kwenye kila picha iliyowezekana, na marais, kwenye ndege, kila mahali. Tulicheka nchi nzima, na mimi nilisambaza. Alipata zawadi nyingi, na Desemba akapewa nishani ya serikali. Baadaye tukasikia maisha yake yalikuwa na mashaka ambayo zile zawadi hazikuyafikia. Nimejiuliza mara nyingi kama yule mtu aliwahi kuulizwa hata mara moja, na yeyote kati yetu, kama anataka.

#14 Wakili_wa_Mtaa

Niweke upande wa sheria kwa ufupi. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kenya wana sheria yao ya 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia ilitoa adhabu zilizozungumzwa sana: klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Mzee Filamu36, kwa dada yako kuna zaidi ya picha, kuna jeraha. Chukua fomu ya polisi namba tatu, hifadhi klipu ikiwa na tarehe na jina la ukurasa, tafuta majirani wawili walioona. Kidonda kipigwe picha sasa kabla hakijafunga, na kipimo kiwe pembeni.

#15 Filamu36

Ahsante wakili. Fomu tulichukua siku ileile. Picha za kidonda nilizipiga mimi. Miaka yote hii ya kazi, sijawahi kupiga picha nikiwa naona vibaya kiasi kile.

#16 Kamera_Mkononi

Mzee, nimekaa na swali lako siku nne.

Nilifungua simu nikaanza kuhesabu. Nina klipu 41 kwenye ukurasa. Nikajaribu kuandika majina ya watu waliomo. Nimeweza sita. Wengine wote sijui hata wanaitwa nani, na wapo wenye watazamaji laki mbili.

Jana nilimrudia mlinzi mmoja wa Sinza, tulimfanyia ya kujifanya sanamu halafu tukasogea ghafla usiku. Alinikumbuka. Alinikaribisha kwenye kibanda chake, akanipa kahawa. Nilimuuliza kama nilivyoagizwa, bila simu mkononi. Akaniambia klipu aliletewa na bosi wake. Bosi alimuuliza, mlinzi gani anakimbia lindo? Kazi hakufukuzwa ila alikatwa mshahara. Nikamuuliza mbona siku ile ulicheka na ukachukua hela. Akasema, "Ningefanyaje?"

Nimeishusha ile. Zilizobaki sijui nifanyeje nazo, sitakudanganya. Kodi ni tarehe moja.

#17 Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, umefanya jambo zito kwenda pale. Anza na wale sita unaowajua.

#18 Mchanga_wa_Forodhani

Na makato yake mlinzi, mrudishie hata kidogo kidogo.

#19 Kamera_Mkononi

Nimemwahidi mwisho wa mwezi kaka.

#20 Filamu36

Wakuu, naleta mrejesho halafu nawaachia uzi.

Polisi wameshampata mmoja wa wale vijana kupitia ukurasa. Wazazi wake walikuja kwa mdogo wangu juzi jioni, mama mtu alilia kuliko mgonjwa. Kesi inaendelea, kwa hiyo hapo sitasema zaidi. Klipu imeshushwa kwenye ukurasa wao lakini bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ililetwa hadi kwenye kundi la msikiti wetu. Anayeipokea namwomba asiipeleke mbele.

Mkono umefunga. Ngozi mpya ni ya waridi na inavuta akinyoosha vidole. Anaendelea kukaanga, na meza ameigeuza ili mgongo wake uwe ukutani.

Jumapili alikuja dukani kwangu bila kuniarifu. Siku hizi pale natoa zaidi fotokopi na picha za pasipoti. Akaniuliza kama lile pazia la ndege bado lipo. Lipo, nimelikunja juu ya kabati, panya wameila injini moja. Tukalitundika wote wawili, yeye akishika kwa mkono wa kushoto. Simu ya zamani haipo tena, akachukua kiatu changu akakiweka sikioni. Mguu juu ya ngazi. Mkono wenye kovu kiunoni, mbele kabisa, pale taa inapopiga. Nikamwuliza kama niuzungushe upande wa kivuli, akasema niuache.

Nilipomwambia atulie, alinyanyua kidole. Nikangoja amalize na rubani.

Picha siiweki hapa. Nilimwomba, akasema hii ni ya ukutani.